Vincent Ewesit Lomuria, Aliyewafikishia Wafugaji Habari za Mawingu

Marehemu Vincent Ewesit Lomuria alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, Chechelesi, mjini Isiolo. Alikuwa darasa la saba ukame ulipomaliza mbuzi wa babake. Tangu hapo hakukubali mtu aambiwe kwamba kiangazi ni bahati mbaya tu.

Alisoma hapa Isiolo, kisha akasomea utabiri wa hali ya hewa Nairobi. Aliajiriwa kuwa mtabiri wa hali ya hewa hapa Isiolo mwaka 1991. Picha za satelaiti zilimwonyesha mawingu yanapokusanyika na malisho yanapokauka, naye alizipeleka kwa wafugaji kwa pikipiki, na baadaye akawapigia simu. Satelaiti huiona Garbatulla sawasawa na inavyoiona Nairobi. Kuwafikishia watu habari hizo si hisani. Ni haki yao, na wengi bado wanainyimwa.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na Everlyne, ambaye husema alichumbiwa na mtu aliyekuwa akitazama juu.

Novemba 2023, familia ya mzee Golicha ilipiga kambi ndani ya lagha, mto mkavu karibu na Garbatulla. Picha zilionyesha mawingu mazito juu ya milima ya Nyambene, ambako maji ya lagha hiyo hutoka. Marehemu alimkuta Golicha amechinja mbuzi na kusoma matumbo yake, kama ilivyo desturi ya kutabiri mvua.

"Ewesit, matumbo yanasema hapa hakuna mvua. Hata wewe angalia juu."

"Matumbo hayajakosea, mzee. Hapa haitanyesha. Maji yatakuja bila mvua."

"Na yasipokuja?"

"Utanicheka mbele ya watoto wako mpaka nizeeke."

"Umeshazeeka."

Walihama jioni hiyo. Halikuanguka hata tone, na kulipokucha lagha ilikuwa imejaa maji ukingo kwa ukingo.

Mwaka 2024 alipatikana na ugonjwa wa figo. Alifariki hospitalini Meru tarehe 4 Juni 2025. Asubuhi hiyo aliomba simu yake, akatazama picha, akamwambia bintiye Nakaale, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuzisoma: "Mwambie Golicha asirudishe mifugo Garbatulla bado. Nyasi haijashika."

Jana, kwenye matanga nyumbani Kiwanjani, mzee Golicha aliuliza, "Sasa nani atatupigia?" Nakaale alimwonyesha simu ya babake. Namba ni ileile.

Ameacha mjane wake Everlyne, watoto wake Nakaale na Apua, mjukuu mmoja, na wafugaji wengi waliohifadhi namba yake kwa jina moja tu, Mawingu.

Mungu ampe pumziko la amani. Simu yake haitazimwa.