Mto Hula Kutoka Chini

Keti hapo, weka simu chini, usikie hii.

Mzee Isaiah alikuwa amelala kitandani kwake Kabiria, hapa Nairobi, mvua inapiga mabati tangu asubuhi. Watoto wake wawili walikuwa kando yake: Fidel, kifungua mimba, na Naliaka, kitinda mimba, ndiye ameshika mkono wa baba. Huko chini, mwisho wa ploti, mto ulikuwa unanguruma. Fidel alikuwa ameshamwaga nondo pale ukingoni, anataka kusimamisha gorofa ya kupangisha, na mashine ya kuchimba msingi ilikuwa inakuja kesho. Naliaka alijua. Na alijua baba anajua.

"Sikizeni wanangu," mzee akaanza. "Na wewe Fidel toa macho kwa hiyo simu. Kontrakta hafi leo, mimi ndio nakufa."

"Sema baba, nasikia."

"Nimevunja mawe kwa kwari ya bosi wangu Kirit mpaka mgongo ukakataa, na kitu nimeona ni hii: hakuna ardhi imetulia. Mnaona milima ya Ngong? Kirit alikuwa anatuambia ilikuwa mlima moja mkubwa wa moto, halafu nchi ikapasuka, nusu ya mlima ikazama kwa bonde, tukabaki na huo mgongo tu. Na hilo bonde bado linapanuka, polepole kuliko kucha inavyomea. Hiyo mawe iliwasomesha ni majivu, wanangu. Mlima ulitapika, majivu yakalala, yakashikana, ukatapika tena, mengine yakalala juu. Hata hizo gorofa za vioo huko Westlands zimekalia majivu. Moto hujenga kwa kelele, lakini maji hubomoa yakiwa yamenyamaza. Mnasema polepole ndio mwendo. Basi mto pia unaijua hiyo methali."

Akakohoa. Naliaka akamwinua kidogo, akampa maji, na mzee akaendelea.

"Ploti yetu juu ni jiwe ngumu, chini yake kuna laini, na mto unakula hiyo laini. Ukisimama juu unaona nyasi, unaona mahali pazuri pa nguzo, kumbe umesimama kwa meza haina miguu. Nikihamia hapa na mama yenu kulikuwa na choo huko chini, na nyuma ya choo migomba. Leo choo iko wapi? Fidel, hii nyumba ni yako, usiiuze. Naliaka, vyumba za barabarani ni zako, mtu asikunyang'anye eti wewe ni msichana utaolewa. Na ule ugomvi wangu na jirani Wachira juu ya mpaka, umalizeni. Mpaka wenyewe ulienda na maji, tumekuwa tukigombania hewa."

Simu ya Fidel ikalia. "Baba, dakika moja." Akatoka. Naliaka akamsikia hapo dirishani: "Leta mashine vile tuliongea. Mzee hana neno."

"Ameenda?" mzee akauliza.

"Ameenda."

"Nizike huko chini. Pale ameweka nondo."

Naliaka akadhani homa imepanda. "Baba, si kwetu ni Kimilili? Mama amelala huko, umewekewa nafasi kando yake. Watu wetu hawazikwi Nairobi."

"Najua. Lakini si Wachira alizika babake kwa ploti? Umeona mtu akigusa hapo? Karatasi ya wosia Fidel atapasua. Kaburi yangu ataogopa."

"Ukingo unaanguka, baba. Mto utakubeba."

"Wacha unibebe mimi. Mimi nitakuwa nimeshakufa." Pumzi ikakatika, akaitafuta. "Wapangaji watakuwa wamelala... na watoto. Usiache, Naliaka. Na mkae... msigombane na ndugu yako. Mungu awape..."

Akavuta kiganja cha msichana, akajaribu kutema mate ya baraka vile wazee hufanya. Mdomo ulikuwa umekauka. Akaugusisha tu hapo kwa kiganja, akauacha.

Fidel akirudi alipata dadake bado amekikunja hicho kiganja, na baba ametulia. Akalia, tena sana, usidhani hakumpenda.

Jioni Simiyu, ndugu ya mzee, akapiga kutoka Kimilili. Huyo ndiye mwenye kauli kwa mazishi yao. Simu ikawekwa mezani, sauti juu, nyumba imejaa majirani.

"Tumepima mahali hapa kando ya shemeji," akasema. "Lakini maiti huulizwa kwanza kupitia kwa wenye walikuwa naye. Aliacha neno azikwe wapi?"

"Hakuna, baba mdogo," Fidel akajibu. Na hakuwa anadanganya.

"Na Naliaka?"

Watu wote wakamgeukia. Yeye peke yake ndiye alisikia. Akisema, wataambiana kabinti kametunga uongo kamzuie ndugu yake, na mama atabaki amelala peke yake Kimilili milele. Akinyamaza, mashine inaingia, na gorofa itapanda juu ya ile meza haina miguu.

"Naliaka, uko hapo?" simu ikauliza tena.

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?