Mwalimu Rukaya na Maneno ya Kumpongeza Mtu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Rukaya Twalha anatoka kazini baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya sekondari hapa Palma. Waliosoma kwake wako bandarini Mocímboa, wako mpakani Namoto, wako hospitalini na mahotelini, na wengine ndio wazazi wa watoto tunaowafundisha leo.

Alizaliwa jirani na Namoto, katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya ng'ambo ya mto wa mpakani. Vita vya zamani vilimpeleka Mtwara kwa shangazi yake, na huko ndiko alikokisoma Kiingereza na kukipenda. Amani iliporudi, naye akarudi. Siku yake ya kwanza hapa alikuta darasa limefurika na ubao umepasuka katikati. Akaanza kufundisha siku hiyo hiyo.

Wote waliopita mikononi mwake wanazikumbuka Ijumaa zake. Kabla ya kengele ya mwisho, mwanafunzi mmoja alisimamishwa mbele, na wenzake walitakiwa kumsifu kwa Kiingereza. Sharti lilikuwa moja: utaje alichofanya. Aliyesema "very good" akanyamaza, aliulizwa papo hapo, "Good kwa lipi? Amefanya nini?" Wala hakukaa mpaka jibu litoke. Aliwafundisha kwamba "congratulations" ni ya aliyefaulu, "well done" ni ya aliyejitahidi kazi ikaonekana, na "I am proud of you" humwambii kila mtu, unamwambia aliye wako. Mimi ninayefundisha Kireno nilimtania mara nyingi kwamba sisi tuna "parabéns" tu, nayo inatosha kwa harusi, kwa mtihani na kwa siku ya kuzaliwa. Alinijibu kwamba ndiyo maana wanafunzi wangu wanamaliza mapema.

Kisa cha Gildo hakiachwi, naye mwenyewe ameturuhusu kukisimulia. Alipomaliza shule alipata kazi ya udereva kwa mhandisi mgeni. Asubuhi moja mhandisi yule aliletewa habari kwamba mama yake amefariki. Gildo, kwa huruma zake zote, alimshika mkono akamwambia, "Congratulations, bosi!" Kesho yake alikuja shuleni nusura alie. "Mwalimu, umeniponza! Hongera yao na rambirambi yao zote zinaanza na kon!" Mwalimu Rukaya alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akafunga mlango. "Hutoki humu mpaka uzitenganishe." Gildo alitoka adhuhuri, akaenda moja kwa moja kumpa bosi wake "condolences" iliyonyooka. Kazini hakufukuzwa.

Kisha vikaja vita hivi tunavyovijua sote. Mji ulikimbiwa, shule ikafungwa. Mwalimu Rukaya aliondoka na mama yake mzee na nguo alizovaa. Alipofika Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, katika kambi ya waliokimbia makwao, alitafuta turubai la darasa kabla hajapata godoro la kulalia. Shule yetu ilipofunguliwa tena, alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza kurudi.

Mwaka ule, wanafunzi wa darasa la kumi na mbili walipomaliza, ilitolewa hoja kikaoni kwamba kusiwe na sherehe. Bwana Hamido, mwenyekiti wa wazazi, ambaye alikuwa amempoteza kaka yake, alisema kwa uchungu, "Watu wamezika, Mwalimu. Tutashangilia nini?"

Mwalimu Rukaya akasimama. "Bwana Hamido, msiba wako naujua, na wangu unaujua. Watoto hawa kila anayewaona anawapa pole. Wamepewa pole Pemba, wamepewa pole njiani, wamepewa pole hapa. Nani amewapa hongera? Wamesoma na njaa, na wamemaliza. Ngoma isiwepo, biriani lisiwepo, nakubali. Lakini kila mmoja atasimama, na atatajiwa alichofanya."

"Basi na iwe," akasema Bwana Hamido.

Siku ilipofika, katika chumba kilichoezekwa nusu, wanafunzi walisimama mmoja baada ya mwingine. Kwenye zamu ya Zena, binti wa Mzee Saburi mchuuzi wa samaki, mwenzake alieleza kwa Kiingereza kwamba Zena alikuja shule na mdogo wake mgongoni, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia, na hakukosa mtihani hata mmoja. Mzee Saburi, aliyekuwa akimhimiza binti yake aache shule waende naye sokoni, aliuliza kimesemwa nini. Mwalimu akamtafsiria. Mzee akainuka mbele ya watu wote.

"Mwalimu, na mimi nifundishe la kumwambia."

Mwalimu alimnong'oneza, naye akalitamka kwa tabu, kipande kwa kipande: "Ai... em... praudi... ofu yu." Zena alijifunika uso kwa kanga. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Bwana Hamido. Leo Zena anasomea uuguzi.

Mwalimu Rukaya alistahili kustaafu tangu mwaka jana. Alikataa kuliacha darasa bila mwalimu, akawa anakwenda ofisini wilayani kuulizia mrithi wake hadi walinzi wakamzoea kwa jina. Mwalimu Elisa Bernardino ameshafika na ameshaanza vipindi. Mkuu wa shule alipomshauri Bi Rukaya sasa akapumzike, alijibiwa, "Nitapumzika nikichoka," kwani kuanzia Januari atawafundisha Kiingereza akina mama wachuuzi wa Namoto.

Mwalimu, ahsante kwa kazi yako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya njema na wanafunzi wasikivu huko uendako. Na siku utakapochoka kweli, Mungu akupe nyumba tulivu na watu wa kukutandikia mkeka.

Osvaldo Saide, kwa niaba ya walimu wenzako