Sifuri Aliyoandikiwa Kabati

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kabati, alizaliwa Jumatano, tarehe 8 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mpaka rangi na mama mshonaji. Alifuatiwa na dada mmoja, kisha mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyeuandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Familia ilipomkabidhi kazi hii, alikataa mara mbili. Mtaelewa sababu kabla hajafika mwisho.

Alianza shule ya msingi Januari 1968. Alipofika darasa la sita, magoti yake hayakuingia tena chini ya dawati, ikabidi fundi seremala wa shule aliunge miguu kwa vipande vya mbao. Mwalimu alimkalisha nyuma kabisa asije akawaziba wenzake ubao, na huko nyuma akazoea kukaa kimya. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwenye kichwa cha hesabu alikuwa mdogo wake, na nyumbani kila mtu alilijua hilo, maana mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha. Marehemu alimaliza kidato cha nne Novemba 1978.

Februari 1981 aliajiriwa kiwandani, katika ukumbi wa kuchambulia pamba, ambako vumbi jeupe lilitanda kuanzia asubuhi hadi kengele ya kutoka. Mwaka huohuo aliingia timu ya mpira wa kikapu ya kiwanda akiwa mchezaji wa kati, yule mrefu anayelinda chini ya kikapu. Wenzake ndio waliombatiza Kabati, kwa kuwa alijaza mlango na hakuwa na kelele. Mdogo wake, karani wa stoo hapohapo kiwandani, alikuwa mwandishi wa meza. Kila mechi alikaa kando ya uwanja na karatasi yake, akiandika pointi, faulo na mitupo ambayo kila mchezaji aliizuia kwa mkono.

Tarehe 20 Desemba 1986 marehemu alifunga ndoa na mpishi wa kantini ya kiwanda. Mpiga picha alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado kichwa cha bwana harusi hakikuingia kwenye picha. Mwishowe bwana harusi aliketi kitini na bibi harusi akasimama. Ndiyo picha iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoshika. Walijaaliwa watoto watatu, na aliwalea bila kuinua mkono wala sauti.

Sasa lile lenyewe. Mwaka 1991 kiwanda kilitakiwa kutoa mchezaji mmoja wa kati kwa timu ya mkoa. Aliyechaguliwa angehamishiwa ofisi ya michezo, mbali na vumbi, na marehemu aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Walioshindana walikuwa wawili: yeye, na kijana mmoja mrukaji aliyekuwa akiipangua mipira mpaka ikaangukia kwa watazamaji. Kocha alisema mwandishi wa meza ndiye atakayemshauri.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba, ilichezwa mechi ya kupimana. Karatasi ilionyesha hivi: Kabati, dakika thelathini na moja, mitupo aliyozuia sifuri; kijana, dakika tisa, mitupo mitatu. Mdogo mtu aliiweka karatasi mbele ya kocha, akasema, "Namba hazina undugu. Kaka yangu anasimama tu." Akachaguliwa kijana. Mwandishi alijiona mtu wa haki asiyependelea damu yake, akatembea kifua mbele wiki nzima.

Mke wa marehemu alimfuata stoo akiwa bado na aproni. "Shemeji," alimwambia, "wewe uliandika. Hukutazama." Alimjibu kwamba mpira hauamuliwi na mapenzi ya mke. Marehemu mwenyewe Jumatatu alirudi kwenye pamba.

Mwaka 1998, akihama nyumba, mdogo aliikuta ile karatasi. Upande wa nyuma alikuwa na mazoea ya kuchora uwanja na kutia nukta kila mahali wapinzani walipotupia mpira, na dakika pembeni yake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alizihesabu. Katika dakika thelathini na moja za kaka yake, nukta za chini ya kikapu zilikuwa nne. Katika dakika tisa za kijana, kumi na moja. Wapinzani walikuwa wakimwona Kabati amesimama pale, wanageuza njia, wanatupa kutoka mbali na kukosa. Hakuwa na mitupo ya kuzuia kwa sababu waliothubutu kumjia walikuwa wachache mno. Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi ileile, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Aliikunja, akaificha sandukuni chini ya nguo. Wakati huo alikuwa akiwafundisha waandishi wa meza wa mji mzima, na aliona aibu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Marehemu aliishi na chake miaka yote, akikiita mdogo wangu.

Alistaafu mwaka 2016, tayari akikohoa. Mwaka 2021 daktari alisema mapafu yameharibiwa na vumbi la pamba la miaka mingi. Mwenye kichwa cha hesabu akahesabu: miaka thelathini na mitano ukumbini, na ishirini na mitano kati yake ni baada ya ile karatasi.

Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa. Mchezaji wa timu pinzani ya enzi hizo, ambaye sasa ni fundi viatu, alikuja kumjulia hali, akasimulia akicheka, "Huyu? Kocha wetu alitukataza kabisa kumpelekea mpira. Ukipeleka, unakalishwa benchi."

Marehemu alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipotulia, alimgeukia mdogo wake. "Umesikia, bwana mdogo? Andika basi."

Mdogo mtu alitazama sakafu, akasema hana kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati. Baada ya hapo alikwenda hospitali mara tisa akiwa na ile karatasi, na mara zote tisa alirudi nayo.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Mdogo wake alifika saa nne.

Juzi alimpa mjane ile karatasi. Aliisoma pande zote mbili, akairudisha. "Alijua, shemeji," alisema. "Alikuwa anangoja umwambie wewe." Kisha akaagiza isomwe hapa, mbele ya watu.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, dada yake, na mdogo wake aliyemwandikia sifuri.

Kaka, imeandikwa. Pumzika kwa amani.