Mwalimu Bernadi Kinunda na Picha za Dirishani

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, ukoo umenituma mimi Sixbert, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na umeniagiza nisiruke mahali.

Mwalimu Bernadi Kinunda alizaliwa hapa Mkumbi tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Mansuetus na Mama Gertruda, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari mjini Songea, na mwaka 1980 akahitimu ualimu wa sayansi. Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na Edina, wakajaliwa watoto watatu, Ida, Kilian na Glorious.

Mwaka 1991, siku zile za kila mtu kujikuna ajipatapo, wazazi wa ufukweni walichangishana wakafungua sekondari yao karibu na Mbamba Bay, na marehemu akateremka kufundisha baiolojia, akakuta chaki tu, maabara hakuna, umeme hakuna. Alikwenda hospitali ya misheni akaomba filamu za eksirei zilizokwisha kazi, akazibandika kwenye vioo vya dirisha linalotazama milimani, jua la asubuhi likawa ndiyo mashine yake, wanafunzi wakaona mbavu, moyo na mapafu ambayo wenzao wa shule kubwa waliyaona kwa michoro tu. Tulijivunia sana.

Majina ya wagonjwa aliyafunika kwa vipande vya karatasi ya daftari, lakini Jumatano tarehe 12 Oktoba 1994 jua lilikuwa kali, herufi zikapenya, naye akiwa ameligeuzia dirisha mgongo akasema, “Pafu hili limekwisha, mwenye nalo hamalizi mwaka.” Darasa lilikuwa limeshasoma jina la Mzee Isidori, mvuvi, na binti yake Luisa wa kidato cha pili alikuwa amekaa benchi la mbele, yeye ambaye nyumbani aliambiwa baba ana kikohozi. Kabla ya jioni ufuko wote ulijua, watu wakaacha kununua samaki wake, wengine wakautaja ugonjwa ambao hata hakuwa nao, na Mzee Isidori akafariki Februari 1995 bila wa kukaa naye uani. Luisa hakurudi shule.

Ndugu zangu, tunaona aibu. Marehemu alikwenda mara nyingi kwa Mama Rosa, mjane wa mzee yule, akapewa kiti, akaulizwa habari za mahindi ya Mkumbi, akala, akaaga, na neno lililompeleka akarudi nalo. Aibu kubwa zaidi ni yetu, kwa sababu alituomba tumsindikize, kama mtu anavyokwenda kuomba radhi akiwa na wazee wake, tukamjibu kwamba hakukusudia, yataisha.

Alianza kuugua ini Mei mwaka huu wa 1999, na alipopelekwa kupigwa picha hakuvua shati mpaka alipoambiwa itatunzwa wapi, akafariki Jumapili tarehe 1 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mliolala nasi tangu Jumapili. Mama Rosa amepanda kutoka ufukweni na debe la usipa, dagaa wa ziwani, yuko pale kwa akina mama, na hatukujua tumpokee kwa macho gani. Luisa hakuja, wala hatumlaumu.

Kaka Bernadi, pumzika kwa amani, kwa Luisa tutakwenda sisi, na safari hii neno lile la radhi tutalisema.