Maisha ya Dkt. Winifrida Kaaya Simiyu, Mwalimu wa Maji ya Chini ya Ardhi

Dkt. Winifrida alizaliwa tarehe 9 Juni 1976 huko Ngarenanyuki, wilayani Arumeru, mkoani Arusha. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Elifuraha Kaaya na Mama Naomi Kaaya, akabatizwa katika usharika wa Kilutheri wa pale kijijini. Mama Naomi, anayetusikiliza kwa simu kutoka nyumbani, husema binti yake alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno, na alipoyaota ndiyo kwanza yakazidi.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni mkoani Kilimanjaro. Huko ndiko alikogundua kuwa meno yake yalikuwa ya kahawia. Nyumbani hakuna aliyemshangaa, maana karibu kila mtoto alikuwa nayo. Siku ya pili tu bwenini, matroni alimtoa kwenye foleni ya uji: “Kaaya, rudi ukapige mswaki!” Akarudi, akapiga mswaki, akatolewa tena. Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo Winifrida akawa anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja.

Kidato cha pili, mwalimu wa kemia alimweleza kwamba ule haukuwa uchafu. Ilikuwa floridi, inayotoka kwenye miamba ya Mlima Meru na kuyeyukia ndani ya maji wanayokunywa watoto. Winifrida akauliza, “Sasa mwalimu, nani anayashughulikia hayo maji?”

“Bado hajapatikana,” mwalimu akamjibu.

Likizo iliyofuata alifika nyumbani akatangaza mezani kwamba amepata kazi.

Alihitimu shahada ya jiolojia jijini Dar es Salaam mwaka 2001, akaajiriwa Arusha kama mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Septemba 2004 alipata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili hapa London. Uzamivu haukuja kirahisi. Aliomba ufadhili, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Basi akasoma mdogo mdogo huku akifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, maeneo ya Rayners Lane, hadi akaipata shahada hiyo mwaka 2011. Mwaka uliofuata akaanza kufundisha chuo kikuu.

Mabasi aliyopanda kwenda kazini Rayners Lane yalimletea pia mume. Dereva mmoja, kijana wa Kitale, alizoea kumwona akija mbio kila asubuhi, akawa anamngojea. Siku moja akamwambia, “Dada, mimi niko na swali.”

“Kwetu tunasema ‘nina swali,’” Winifrida akamsahihisha.

“Haya, nina swali. Uko na bwana?”

Alicheka mpaka akasahau kufunika mdomo. Alifunga ndoa na Lawrence Simiyu tarehe 18 Agosti 2007, kanisani Wembley. Mpiga picha alipomwomba afumbe mdomo ili picha itoke vizuri, bibi harusi alimjibu, “Kaka, haya meno ndiyo yaliyonileta Ulaya. Piga tu.” Picha ndiyo hiyo iliyo kwenye jalada la ratiba yetu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jedidah na Alexis.

Nyumba yao ilikuwa darasa. Jirani yao, Bi Poonam, alipolalamika kwamba birika lake jipya limejaa utando mweupe, Winifrida alimvutia kiti. Akamweleza jinsi maji yanavyopita kwenye miamba ya chaki chini ya jiji hili na kubeba chokaa. Bi Poonam alikuja kuazima limau la kusafishia birika. Aliondoka bila limau, lakini akiijua jiolojia ya London.

Jambo gumu kuliko yote lilimkuta mwaka 2014. Shirika moja la hisani lilichimba kisima karibu na kwao, na yeye akaombwa kuyapima maji yake. Maji yalikuwa mengi na baridi. Mgeni rasmi alikwisha kualikwa na ng'ombe amenunuliwa. Majibu ya maabara yalipotoka, floridi ilikuwa imepita kiwango mara kadhaa. Winifrida akakataa kukipitisha. Baba yake mdogo alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akamuuliza, “Winifrida, umetoka Landani kuja kutufungia maji?”

“Baba, shikamoo,” alimjibu. “Maji haya nimeyanywa mimi. Wapo waliopinda hata miguu kwa ajili yake. Siwezi kumpa mtoto wako nilichopewa mimi bila kujua.”

Mwaka ule hakualikwa kwenye sherehe yoyote ya ukoo, na iliuma. Hata hivyo likizo tatu mfululizo alirudi na wanafunzi wake, wakapanda na kushuka miteremko ya mlima wakipima chemchemi moja baada ya nyingine, mpaka wakaipata yenye maji salama. Julai 2017 maji hayo yalifika shuleni kwa bomba. Baba mdogo ndiye aliyefungua koki, akanywa wa kwanza, kisha akamwita Winifrida, binti yake, mbele ya watu na kumtemea mate ya baraka kama ilivyo desturi yetu.

Safari hizo zilimwonyesha kwamba vijana wenye akili wapo tele. Kinachokosekana ni mlango. Mwaka 2018 akaanzisha Jumamosi ya Maji kwenye ukumbi wa kanisa, Wembley, huku wengine wakijiunga kwa mtandao kutoka Tanzania na Kenya. Aliwafundisha kusoma takwimu za visima, kuandika maombi ya ufadhili na kukabili usaili. Jedidah na Alexis walipanga viti wakinung'unika kwa Kiingereza, mama akiwajibu kwa Kiswahili. Wengi wa wanafunzi hao leo ni wahandisi na watafiti, na baadhi wako nasi hapa.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipokea matibabu kwa ujasiri na utani. Daktari alipomshauri anywe maji mengi, alimuuliza, “Ya chanzo kipi?” Alipozidiwa hakuacha kumfanyisha mazoezi ya usaili Peris, binti wa Machakos na mwanafunzi wake wa Jumamosi ya Maji, akiwa kitandani na simu imeegemezwa kwenye mto.

Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, Peris aliandika kwamba amepata nafasi ya uzamili hapa London. Lawrence alimsomea mkewe ujumbe huo, naye akaomba asomewe tena.

“Anakuja lini?” akauliza.

“Septemba.”

“Mwambie aje na koti zito. Na asijibu maswali haraka haraka.”

Alilala akitabasamu, na alfajiri ya Jumanne akaaga dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lawrence.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, ndugu wanne akiwemo mdogo wake Elinaja anayewasomea haya, na wanafunzi ambao kila mmoja anadai ndiye aliyependwa zaidi.

Dada Wini, umechoka kwa kazi njema. Bwana akupe pumziko la amani.