Sindano Tatu Kwenye Faili la Mdogo Wangu

Wenzangu wa kikundi, mwenyekiti kaniambia nisimame, nimesimama. Shule niliishia darasa la pili, msitegemee maneno ya kupamba. Nimeuza maturubai Kariakoo mpaka nikajenga Ilala, bila kumpigia mtu magoti. Ndiyo maana mliponiambia nikate bima ya afya niliwacheka.

Mguu ukaota kidonda. Hospitalini, kwenye dirisha la pesa taslimu, kabla hujasema unaumwa wapi unaambiwa ukalipie. Mama aliyekuwa mbele yangu alirudi nyumbani na karatasi yake mkononi, anachechemea. Dirisha la kadi watu wanapita tu. Mdogo wangu ameajiriwa ofisini huko Posta, ana kadi, na sura zetu ni moja. Akanipa.

"Kaka, likiitwa jina langu, itika."

Nikaitika mara tatu, nikachomwa sindano tatu, kidonda kikafunga. Msiniangalie hivyo. Mjini hapa nani hajaazima kadi?

Ndugu zangu, nawaambia, kila nilichochomwa kiliandikwa ni chake.

Masika, maji yalipojaa Jangwani, mdogo wangu akakanyaga bati akivuka. Siku ya nne mimi na mkewe tukamfikisha hospitali ileile, mguu umevimba, homa kali, hasemi. Nesi akaja na sindano. Nikauliza ya nini, akasema penisilini. Utotoni sindano hiyo ilimfunga koo mdogo wangu, tukaanza kumlilia kama maiti. Nikamwambia nesi inamdhuru. Akatazama kompyuta.

"Mzee, humu amechomwa mara tatu mwaka huu. Hapahapa. Haikumdhuru."

Akaanza kumfuta mkono kwa pamba. Shemeji yangu ananitazama mimi. Nilinyamaza. Sifichi, nilinyamaza, nawaza aibu, nawaza polisi, na sindano tayari iko juu ya ngozi.

"Nilichomwa mimi," nikasema. "Jina lake, mwili wangu."

Nesi akairudisha sindano kwenye sinia. Akaenda kumwita daktari.

Mdogo wangu akapewa dawa nyingine, akafumbua macho siku ya tatu. Kadi ikazuiwa. Matibabu yaliyobaki mlilipia nyinyi, watu niliowacheka. Asanteni. Neno hilo sijalizoea.

Bima yangu sasa ninayo. Faili wanasema wamelisafisha, mimi bado nina wasiwasi nalo. Simtaji mtu, ila humu ndani ziko kadi zilizoazimwa. Naona mnavyoinamisha nyuso. Nendeni leo mkaseme nani alichomwa nini, kabla mwenye kadi hajalazwa kitandani, hawezi kujisemea, na wewe ndiye umesimama pembeni yake.