Fyuzi ya Mwisho ya Nusu Ampea

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, na kila asubuhi waliketi hapo watu watatu wale wale na birika moja la kahawa. Wa kwanza ni Kinyozi mwenyewe, anayenyoa zaidi kwa mdomo kuliko kwa mashine. Wa pili ni Profesa, tarishi mstaafu aliyebeba barua za wataalamu miaka thelathini, akaamini elimu ilimwingilia kwapani. Wa tatu ni Fundi Redio, mtu wa maneno machache, na machache zaidi tangu alipomzika mkewe. Siku hiyo Fundi alikuja amekumbatia amplifaya ya taa, zile za kioo za redio za kale, aliyoiunda kwa mikono yake. Akaomba waya wa umeme kutoka kibandani, kisha akaketi bila kuuchomeka.

— Imekula fyuzi ya pili, alisema. Naiwasha, taa zinaanza kupata wekundu, halafu pap. Nimebakiwa na fyuzi moja.

— Si uweke kubwa? alisema Kinyozi. Nusu ampea ni fyuzi ya kitoto. Weka ya ampea tano, yenye kifua.

— Nikiweka tano, fyuzi itapona na transfoma itaungua.

— Utanunua nyingine.

Fundi aliivuta amplifaya karibu na kifua. Transfoma ile hakuinunua. Waliisuka wenyewe mezani, yeye akizungusha waya wa shaba, mkewe akihesabu kwa tasbihi, punje moja kwa kila mizunguko kumi. Upande wa umeme wa ukutani peke yake ulichukua mizunguko mia nane na arobaini. Siku moja mkewe alipiga chafya, hesabu ikampotea, wakafumua na kuanza upya, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Ikiungua, ataweza kusuka nyingine. Lakini ataisuka peke yake.

— Hii hainunuliwi, alisema.

Profesa alikohoa kama anayefungua mkutano.

— Jamani, fyuzi ni njama ya wauza fyuzi. Chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, viringisha, pachika. Nyumbani kwangu ndivyo nilivyofanya.

— Na jiko lako la umeme liko wapi sasa? aliuliza Kinyozi.

— Lilikuwa na matatizo yake.

— Lilikuwa na moshi wake.

— Basi izike hiyo transfoma, alisema Profesa bila kuona haya. Chimba shimo la magoti, iweke humo, vuta waya mpaka ndani. Ardhi ni baridi, haitaungua kamwe.

— Na mvua ikinyesha?

— Utaifunika na sufuria.

Hata Fundi alitabasamu. Profesa, alipoona tabasamu, akazidi kupanda.

— Mimi nakwambia, ndugu yangu, hiyo transfoma imefiwa. Imezoea mikono ya shemeji. Ndiyo maana inasusa.

Profesa akaangalia viatu vyake.

— Samahani, kaka. Mdomo umenitangulia.

— Hapana neno, alisema Fundi. Mungu amrehemu.

Aliitazama ile fyuzi ya mwisho kiganjani. Akaanza kufikiria kuirudisha amplifaya nyumbani na kuifunika kitambaa, isiguswe tena. Huko ingekuwa salama.

Ndipo akatokea mama mshonaji, aliyehamia chumba cha pili juzi tu, kuomba kuazima kiti cha mteja. Akasimama akasikiliza.

— Shikamooni. Samahani kuingilia. Fyuzi inakatika kila mara?

— Kila mara, mama, alisema Kinyozi.

— Kinachoikata ni nini?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akainua birika, akalikuta limebaki machicha.

Fundi aliona aibu kidogo. Redio ya mteja angekuwa ameshaifumua siku ya kwanza. Hii aliilinda kwa kutoifungua.

Akatoa bisibisi. Akapachika fyuzi ile ile ya nusu ampea, kisha akachomoa taa moja, ile inayougeuza umeme wa ukutani uende njia moja kabla haujafika kwa wenzake. Akasema bismillahi, akachomeka waya, akawasha.

Taa zilizobaki zikapata wekundu, taratibu. Wote wakangoja pap. Haikuja.

— Mbona haitoi sauti? alinong'ona Kinyozi.

— Haiwezi, nimeitoa taa yake. Ubovu uko kwenye taa hii, au mbele yake. Nitaufuata mpaka niupate.

— Na transfoma?

Fundi aliweka kiganja juu ya chuma. Chuma kilikuwa baridi, kikitetemeka kwa mbali sana. Hakukiondoa kiganja.

— Nzima, alisema. Alhamdulillahi. Kinyozi, mpe mama kiti, halafu chemsha birika lingine.